Viwanja kwa Madaraja: Historia ya Upangaji wa Mji wa Juba, kuanzia Miaka ya 1920 hadi 2011

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kanuni za kupanga mji na kugawa viwanja mjini Juba, tangu mji huo uanzishwe na utawala wa pamoja wa Uingereza na Misri hadi Sudan Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011. Hoja kuu ni kwamba Juba haikuwahi kukosa mipango. Mji ulizaliwa ukiwa na ramani, na kila utawala uliofuata ulikuja na ramani yake. Kilichokosekana ni makubaliano kuhusu nani ana mamlaka juu ya ardhi iliyo nje ya eneo lililopimwa, na kuhusu haki ya mkaaji aliyeruhusiwa kuishi mjini bila kumilikishwa. Ili kuifafanua hoja hiyo, Juba inalinganishwa na Dar es Salaam, Kampala, Kibera na Dodoma. Makala yanategemea sheria, takwimu za sensa, majina ya mitaa na tafiti zilizochapishwa.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya umma, Juba hutajwa mara nyingi kama mfano wa mji uliokua ovyo. Mgeni anayeingia Gudele au Gumbo huona nyumba za mabati, vibanda vya udongo vilivyoezekwa kwa nyasi, na barabara zinazokatika ghafla mbele ya ua wa mtu. Ni rahisi kuhitimisha kwamba hapakuwa na mpango. Hitimisho hilo lina athari kubwa kisera, kwa kuwa dawa yake huwa ni moja: kuajiri wataalamu, kuchora ramani mpya, kisha kubomoa kisicholingana nayo.

Tafiti za karibuni zimetoa picha tofauti. Naseem Badiey, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu ardhi na ujenzi wa dola mjini Juba, ameonyesha kwamba migogoro ya viwanja ndiyo iliyokuwa uwanja wa kuamua serikali ni nani na inaishia wapi. Cherry Leonardi naye, katika kazi yake ya mwaka 2013, ameeleza jinsi machifu wa Sudan Kusini walivyokuwa madalali kati ya dola ya mjini na jamii za pembezoni mwake. Makala haya yanajenga juu ya misingi hiyo, lakini yanauliza swali finyu zaidi: kanuni za kupanga mji zenyewe zilisema nini, na zilimweka nani ndani na nani nje?

Swali hili linawahusu wasomi wa Kiswahili. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na historia ya miji yake inastahili kusomwa pamoja na ile ya miji mingine ya ukanda huu, kwa istilahi ambazo mwananchi wa kawaida anaweza kuzielewa.

2.0 Kuzaliwa kwa mji: kijiji kilichohamishwa

Kabla ya Juba, makao ya serikali katika eneo hili la Mto Nile yalihamahama. Gondokoro ilikuwa ukingo wa mashariki. Lado na Rejaf zilikuwa ukingo wa magharibi, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi eneo la Lado lilipokabidhiwa Sudan mwaka 1910, baada ya kifo chake. Utawala wa pamoja uliliongoza jimbo kutoka Mongalla, upande wa mashariki wa mto.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 misheni ya CMS ilifungua shule karibu na kijiji cha Wabari kilichoitwa Juba. Mahali hapo palikuwa na faida zake. Meli za mto zilifika bila kuzuiwa na maporomoko yaliyo kusini zaidi, na kutoka hapo barabara ziliweza kuelekea Kongo kupitia Yei na Uganda kupitia Nimule. Mwishoni mwa muongo huo maofisa waliwaamuru wakazi wa Kibari wapishe ujenzi wa makao mapya ya jimbo. Ujenzi ulikuwa umeshika kasi kufikia mwaka 1927, ofisi za gavana zikahamia Juba mwaka 1930, na shule ya misheni ikahamishiwa Loka. Hivyo, tendo la kwanza la mipangomiji katika historia ya Juba lilikuwa uhamisho.

Kumbukumbu ya tendo hilo imebaki katika jina la mtaa mmoja, Juba na Bari. Msomaji wa Kiswahili hulisoma jina hilo kama "Juba pamoja na Bari". Katika Kibari, hata hivyo, "na" hapa ni kiunganishi cha umilikaji, na maana yake ni "Juba ya Wabari". Jina linadai kwamba kuna Juba iliyotangulia Juba ya serikali. Dai hilo halikupata nafasi katika ramani ya mwaka 1930, lakini halikufutika.

Majina mengine ya mitaa yanatunza mpangilio wa awali. Hai Jalaba ulikuwa mtaa wa wafanyabiashara. Jalaba ni jina walilopewa wachuuzi kutoka kaskazini mwa Sudan. Wagiriki, waliofika kuhudumia majeshi na maofisa wa Kiingereza, walijenga maduka na majengo ya mawe katikati ya mji. Malakia ulikuwa mtaa wa raia wasio wenyeji wa kijiji: askari waliostaafu, vibarua, mafundi na familia zao. Neno hai lenyewe lina historia inayotugusa. Katika Kiarabu lina maana mbili, "enye uhai" na "mtaa". Kiswahili kilichukua maana ya kwanza, Kiarabu cha Juba kikatumia ya pili kuwapangia watu mahali pa kuishi.

Mgawanyo huu wa mitaa ulikwenda sambamba na sheria za kudhibiti watu katika eneo zima. Amri ya Wilaya Zilizofungwa ya mwaka 1922 iliwalazimu watu kutoka nje ya Kusini kuwa na kibali cha kuingia, na Sera ya Kusini iliyotangazwa Januari 1930 ilikusudia kupunguza ushawishi wa wafanyabiashara wa kaskazini. Juba ilipangwa, kwa hiyo, ndani ya nchi ambayo yenyewe ilikuwa imegawanywa kwa kanda. Mtu alihitaji ruhusa ya kufika, kisha ruhusa ya kukaa, kisha ruhusa ya kujenga.

3.0 Madaraja ya viwanja

Mfumo uliounda sura ya Juba kwa muda mrefu zaidi ni ule wa madaraja ya viwanja, uliotumika katika miji yote ya Sudan na kuwekewa utaratibu rasmi wa ugawaji wa ardhi ya miji mwaka 1947. Viwanja viligawanywa katika daraja la kwanza, la pili na la tatu. Chini yake yalikuwapo maeneo ya makazi ya wenyeji, ambayo baadaye yalijulikana kama daraja la nne.

Tofauti kati ya madaraja ilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni ukubwa: daraja la juu lilikuwa na viwanja vikubwa na barabara pana. Ya pili ni vifaa vya ujenzi: mwenye kiwanja cha daraja la kwanza alitakiwa kujenga kwa vifaa vya kudumu, ilhali katika madaraja ya chini udongo na nyasi viliruhusiwa. Ya tatu, ambayo ndiyo yenye uzito zaidi kihistoria, ni muda. Ardhi ilikuwa ya serikali na mkaaji alikuwa mpangaji. Kadiri daraja lilivyopanda, ndivyo muda wa upangaji ulivyorefuka. Katika eneo la makazi ya wenyeji mkaaji hakuwa na zaidi ya kibali cha muda mfupi, ambacho serikali ingeweza kukifuta kwa notisi.

Sehemu hizi tatu zilishikana. Ambaye hakuwa na fedha za kujengea matofali hakustahili muda mrefu. Na ambaye hakuwa na muda mrefu hakuwa na sababu ya kujengea matofali. Kanuni iliyodai kupima ubora wa nyumba ilikuwa inauzalisha ubora huo upande mmoja na kuuzuia upande mwingine. Udongo wa ukuta ukawa ushahidi kwamba mkaaji ni wa kupita, ingawa upita huo ulikuwa umeandikwa na serikali yenyewe kabla hajaanza kujenga.

Juba haikuwa peke yake katika hili. Dar es Salaam ilipata kanuni za ujenzi za Wajerumani tangu mwaka 1891. Mwaka 1924 Waingereza waliugawa mji huo katika kanda tatu: ya kwanza kwa makazi ya mtindo wa Kizungu, ya pili kwa makazi na biashara, na ya tatu kwa nyumba za aina yoyote. Kanuni hazikutaja rangi ya mtu. Hata hivyo wakazi waliziita kanda hizo kwa majina yaliyoeleweka na wote: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Lugha ya sheria ilizungumzia kuta. Lugha ya mtaani iliwataja watu. Madaraja ya Juba yalifanya kazi ileile, kwa nyongeza moja, nayo ni saa iliyowekwa juu ya kila kiwanja.

4.0 Ndugu wa Malakia: funzo la Kibera

Ili kuona kibali bila hati kinaweza kumfikisha mtu wapi, inafaa kutazama Kibera, jijini Nairobi. Wanubi wa Kibera ni wazao wa askari wengi wao wakiwa wa asili ya Sudan, na lugha yao, Kinubi, ni ndugu wa Kiarabu cha Juba. Jamii yao na jamii ya Malakia zilitokana na historia moja ya majeshi ya karne ya kumi na tisa katika bonde la Nile. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitenga rasmi eneo la Kibera, ekari 4,197, kuwa hifadhi ya kijeshi ambamo askari hao na familia zao waliruhusiwa kuishi.

Waliruhusiwa, hawakumilikishwa. Mji ulipokua kuwazunguka, ardhi yao ilimegwa kwa miradi ya reli, makazi na taasisi, na kwa sehemu kubwa ya karne wao wenyewe walihesabiwa kuwa wavamizi wa mahali walipowekwa na serikali. Hati ya jamii ilitolewa mwaka 2017, kwa ekari 288.

Hesabu hiyo inaeleza jambo ambalo ramani haziwezi kulieleza. Kibali cha kukaa kinachorithishwa kwa vizazi bila kugeuzwa kuwa haki hakimlindi mkaaji pale ardhi inapopanda thamani. Malakia na mitaa ya daraja la nne ya Juba iliingia katika kipindi cha uhuru wa Sudan mwaka 1956 ikiwa katika hali hiyohiyo.

5.0 Kukua na kubanwa, 1956–2005

Katika miaka ya kwanza ya uhuru Juba ilikuwa bado mji mdogo. Vita vya kwanza, vilivyotanguliwa na uasi wa Torit wa Agosti 1955, viliusimamisha ukuaji wa kawaida. Mwaka 1970 serikali ya Khartoum ilitunga Sheria ya Ardhi Isiyosajiliwa, ambayo iliifanya ardhi yote isiyosajiliwa kuwa mali ya serikali. Kwa kuwa karibu ardhi yote ya Kusini ilitawaliwa kimila na haikuwa na hati, sheria hiyo ilimaanisha kwamba Wabari waliozunguka mji walikuwa, kisheria, wakazi wa ardhi ya serikali.

Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 uliifanya Juba makao makuu ya Mkoa wa Kusini wenye utawala wa ndani. Wakimbizi walirudi, ofisi zikafunguliwa, na Chuo Kikuu cha Juba kikaanzishwa mwaka 1975. Sensa ya mwaka 1973 ilihesabu watu wapatao 57,000, na ile ya 1983 watu wapatao 84,000. Viwanja vipya vilipimwa, lakini kwa madaraja yaleyale ya zamani. Serikali ya watu wa Kusini ilirithi rula ya mkoloni pamoja na ofisi zake.

Vita vya pili vilipozuka mwaka 1983, Juba iligeuka kuwa ngome ya jeshi la serikali. Pembezoni mwake palitegwa mabomu ya ardhini, na kwa vipindi virefu chakula kilifika kwa ndege. Jeshi la SPLA lilishambulia mji mwaka 1992 bila kuuteka. Waliokimbia vijiji walijazana ndani, katika viwanja ambavyo wenyewe walikuwa wameondoka, kwenye ardhi tupu ya serikali, na kando ya vilima. Huu ni ukuaji wa aina ya pekee: watu waliongezeka huku mipaka ya mji ikiwa imefungwa. Amani ilipofika, kiwanja kimoja kiliweza kuwa na mwenye hati aliye uhamishoni, mkaaji wa miaka kumi, na askari aliyekabidhiwa na kamanda wake. Kila mmoja alikuwa na hoja yake, na hakuna daraja la kiwanja lililoweza kuamua kati yao.

6.0 Mji mkuu bila ardhi, 2005–2011

Mkataba wa Amani wa Januari 2005 uliiacha kando hoja ya nani mmiliki wa ardhi, ukaunda tume za kuishughulikia. Wakati huohuo kauli kwamba ardhi ni mali ya jamii ilikuwa imeenea katika harakati za SPLM, na jamii nyingi ziliichukua kama ahadi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009 iliitambua ahadi hiyo kwa kiasi: iliigawa ardhi katika makundi matatu, ya umma, ya jamii na ya binafsi, na kuipa umiliki wa kimila hadhi ya kisheria. Kwa hatua hiyo msingi wa sheria ya 1970 uliondolewa.

Hapo ndipo historia ya miaka ya 1920 iliporudi. Serikali ya Sudan Kusini ilihitaji ardhi kwa wizara, balozi na makazi. Mamlaka ya kupima na kugawa viwanja yalikuwa mikononi mwa Jimbo la Equatoria ya Kati. Ardhi ya nje ya mji ilikuwa ya jamii za Wabari na machifu wao, ambao sasa walikuwa na sheria upande wao na kumbukumbu ya kijiji kilichohamishwa. Ngazi tatu za mamlaka zilikutana kwenye kigingi kimoja cha mpima ardhi. Sensa ya mwaka 2008, ambayo matokeo yake yalikataliwa na serikali ya Kusini, ilihesabu zaidi ya watu 360,000 katika Kaunti ya Juba. Hawa hawakusubiri ngazi hizo zikubaliane. Walienda kwa chifu, au kwa ndugu, au kwa mtu mwenye bunduki.

Mwaka 2009 serikali ya jimbo ilianza ubomoaji mkubwa wa makazi yasiyopimwa na ya kando ya barabara. Maelfu ya watu waliondolewa, wengi wao wakiwa wakimbizi waliorejea ambao vijiji vyao vya asili havikuwa na usalama wala huduma. Baadhi walihamia maeneo ya mbali yasiyo na maji, wengine walirudi usiku kujenga palepale. Ubomoaji ulihalalishwa kwa lugha ya mipangomiji, yaani barabara, usafi na mpangilio. Lakini viwanja mbadala vilitolewa kwa wachache, na gharama za upimaji ziliwashinda wengi. Kipimo kilikuwa kilekile cha mwaka 1947: nyumba ya udongo ilikuwa dalili ya mtu anayeweza kuondolewa.

Mwaka uliofuata ulitoa kielelezo cha umbali kati ya karatasi na ardhi. Agosti 2010 serikali ya Kusini ilitangaza azma ya kujenga upya miji mikuu ya majimbo kumi kwa maumbo ya wanyama na matunda: Juba ingekuwa na umbo la kifaru, Wau twiga, na Yambio nanasi, kwa gharama iliyotajwa kuwa zaidi ya dola bilioni 10 za Marekani. Vyombo vya habari vya nje viliupokea mpango huo kwa kicheko. Kwa mwanahistoria, cha kuzingatia ni kwamba umbo la kifaru lilidhani kuna karatasi tupu. Karatasi hiyo haikuwapo. Kila pembe ya kifaru ingeangukia ua wa mtu, makaburi ya ukoo au malisho ya kijiji.

Hatimaye, Septemba 2, 2011, chini ya miezi miwili baada ya uhuru, Baraza la Mawaziri liliamua mji mkuu uhamie Ramciel, katika Jimbo la Lakes la wakati huo. Mvutano na jimbo pamoja na jamii za Wabari kuhusu ardhi ya Juba ulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Taifa changa lilikiri, kwa uamuzi huo, kwamba halikuweza kupata mahali pa kukaa katika mji wake mkuu wenyewe.

7.0 Mjadala: Kampala na Dodoma kama vioo

Kampala inatoa ulinganisho wa karibu. Huko pia mji wa kikoloni ulikaa ubavuni mwa mamlaka ya kimila, yaani Kibuga cha ufalme wa Buganda, kilichokuwa na utaratibu wake wa ardhi. Tofauti ni kwamba Mkataba wa 1900 uliiandika ardhi ya Buganda kwa mtindo wa mailo. Mwenye ardhi nje ya mpaka wa manispaa alijulikana kwa jina, hata kama wapangaji wake walibaki wanyonge. Kibuga na manispaa viliunganishwa mwaka 1968. Migogoro ya Kampala ni mikali, lakini ni migogoro kati ya haki zilizosajiliwa na haki za wakaaji. Juba ilikuwa na ukimya wa kisheria nje ya mpaka kwa miaka takriban 80, kisha ikapewa sheria moja iliyotaka kuujaza ukimya huo kwa siku moja.

Dodoma ni kioo cha wanaotumaini Ramciel. Tanzania iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973 na kuunda Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoshika mamlaka makubwa ya kupanga na kugawa ardhi ya mji. Serikali ilianza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na mamlaka hayo yakavunjwa Mei 2017 baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wananchi kuhusu viwanja. Kwa hiyo, eneo jipya halifuti swali la ardhi. Hata pale ambapo chombo kimoja kina mamlaka yote ya kugawa, mkaaji aliyekuwapo kabla ya ramani bado huuliza nafasi yake iko wapi.

Kutokana na ulinganisho huu, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, madaraja ya viwanja yanayofunga muda wa haki kwenye aina ya ukuta huzalisha makazi duni ambayo kanuni hiyohiyo hudai kuyapinga. Pili, mpaka wa mji ambao upande wake wa nje haujulikani ni wa nani huwa soko la mwenye nguvu. Tatu, ramani inayotangulia makubaliano huishia kuwa amri ya ubomoaji.

8.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inapinga wazo kwamba Juba ni mji usio na mpango. Ni mji uliopangwa mara nyingi, kila mara kwa kudhani kwamba ardhi iliyo mbele ya mpima ardhi ni tupu au ni ya serikali. Dhana hiyo ilianza na kuhamishwa kwa kijiji cha Wabari, ikaimarishwa na madaraja ya viwanja, ikapewa nguvu ya sheria mwaka 1970, na ikaendelea kuishi katika vitendo hata baada ya Sheria ya Ardhi ya 2009 kuikana.

Kwa watunga sera mapendekezo ni mawili. La kwanza ni kutenganisha usalama wa umiliki na vifaa vya ujenzi: mkaaji wa nyumba ya udongo apewe muda sawa na wa jirani yake mwenye nyumba ya matofali, kwa kuwa muda ndio utakaomwezesha kujenga vizuri zaidi. La pili ni kuandika na kuhifadhi hadharani makubaliano kati ya jamii za pembezoni na mamlaka ya mji kabla ya upimaji, yakitaja mipaka, fidia na idadi ya viwanja vitakavyobaki kwa jamii. Mji sasa unasambaa mashariki ya mto kuelekea Gumbo, na Daraja la Uhuru lililofunguliwa mwaka 2022 limeurahisisha mwendo huo. Makubaliano ya upande huo ndiyo yanayohitajika kwanza.

Kwa wasomi wa Kiswahili kazi iliyobaki ni ya istilahi na ya kumbukumbu. Maneno kama daraja la kiwanja, kibali, hati na ardhi ya jamii yanahitaji fasili zinazolingana katika nchi zote za Jumuiya, ili anayetoka Juba, Nairobi au Dodoma aweze kusoma karatasi anayopewa kutia saini na kujua ni haki ipi anaipokea na ni ipi anaiachia.